Mwaka Tulioiamsha Nyumba Kubwa

Tumemzika shangazi Yustina wiki iliyopita, kule Uru, ukingoni mwa shamba la zamani la kahawa, kando ya mume wake. Watu walipoanza kurudi kwenye maturubai kula, mimi niliwaacha nikapanda taratibu hadi Nyumba Kubwa. Nina presha na goti moja bovu, kwa hiyo taratibu ni taratibu kweli. Geti lilikuwa wazi. Binti mmoja anayetembeza wageni pale alinipa shikamoo, akauliza kama nataka kuonyeshwa vyumba. Nikamwambia nataka kukaa tu. Akatazama khanga yangu ya msiba, akaniletea kiti cha plastiki barazani, akaenda zake. Ukungu ulikuwa unateremka kutoka msituni, unapita kati ya miti ya migrivea bila haraka, na kutoka chini nilisikia sauti za watu wanaogawa chakula, mara ziko karibu, mara ziko mbali. Nikawa nawaza kwamba shangazi ameondoka na jambo moja ambalo hakuwahi kunisimulia, ingawa niliishi naye mwaka mzima katika nyumba hii nikilisubiri. Nililisikia hatimaye kwa mtu mwingine, mbele ya watu wengi, na mpaka leo sijui kama hiyo ilikuwa hasara au bahati.

Mwaka huo ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo yangu hayakuwa ya kumwonyesha mtu. Mambo yalikuwa yamefunguliwa: soko la Moshi limejaa mitumba mpaka mtu anachagua koti, sabuni za kunukia zimerudi madukani, na wanunuzi binafsi wa kahawa wameanza kupita vijijini na magari yao, wakizungumza bei kwa sauti ya chini. Kahawa yenyewe ilikuwa inachosha watu. Majirani waliokuwa wakiapa kwa kahawa walianza kuing'oa kimya kimya wapande nyanya, kwa aibu, kama mtu anayeuza sufuria ya mama yake. Nyumbani walichoka kuniona nimekaa, wakanituma nikamsaidie shangazi, ambaye alikuwa anaishi katika vyumba vya nyuma vya Nyumba Kubwa. Nyumba hiyo iliwahi kuwa ya mlowezi mmoja wa Kizungu, na shamba lote la kahawa lililoizunguka lilikuwa lake. Baadaye shamba likataifishwa likawa la ushirika, nyumba ikawa stoo ya magunia, kisha haikuwa kitu chochote. Shangazi alikuwa mlinzi wake kwa maana kwamba funguo zilikuwa kwake na hakuna aliyekumbuka kuzidai.

Nilipofika nilikuta kijiji kimeamua jambo. Mwalimu Prosper, mwalimu mstaafu mwenye shati moja jeupe ambalo lilikuwa safi kila siku sijui kwa muujiza gani, alikuwa amewashawishi wazee kwamba nyumba isibomolewe wala isiuzwe. Iwe mahali pa kuwakumbuka waliolifanyia kazi shamba lile: manamba waliotoka Singida na Kondoa na kwingine mbali, ambao wengi wao wamelala chini ya kahawa bila hata jiwe, na kina mama wa Uru waliochuma na watoto mgongoni. Ikaundwa kamati. Wasichana kadhaa tukapewa fagio na ndoo, na kwa kuwa mimi nililala pale pale, nikawa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

Nikifumba macho sasa naweza kuipita nyumba ile chumba kwa chumba bila kujigonga. Tulianza kwa kufungua madirisha. Mbao zilikuwa zimevimba kwa mvua za miaka, zikakataa, na zilipokubali mwanga uliingia ukakuta vumbi limesimama hewani, limetulia, halijui liende wapi. Popo walihama darini kwa hasira. Sebuleni kulikuwa na sehemu ya kuotea moto iliyojengwa kwa mawe ya mtoni, kubwa kiasi kwamba mbuzi wa jirani alikuwa amezalia humo. Bafuni kulikuwa na beseni la kuogea lenye miguu ya chuma, na shangazi alikuwa akihifadhi humo maharage. Mwalimu Prosper aliona hilo. Akasema tu kwamba wageni watapenda kuliona beseni likiwa tupu. Shangazi akamjibu kwamba wageni hawali kwa macho, na maharage yakabaki mpaka mwezi wa mwisho.

Mimi nililala katika chumba kilichokuwa cha watoto wa mlowezi, juu ya godoro la sponji lililowekwa sakafuni. Alfajiri kulikuwa na baridi ya kuuma meno. Nilikuwa naamka, najifunga blanketi, naenda dirishani kuangalia kama mlima umefunguka. Siku nyingine ulikuwa umefunguka wote, na theluji yake, karibu kiasi kwamba nilizungumza polepole nisiuamshe. Siku nyingine hapakuwa na mlima kabisa, kulikuwa na weupe tu, na mtu angeweza kuapa kwamba haujawahi kuwepo. Kisha mvua za vuli zikapita, na kahawa chache zilizobaki zikachanua kwa wakati mmoja. Wasioishi na kahawa hawajui harufu ile. Ilipanda ngazi, ikaingia kwenye mashuka, tukaila na chakula. Kwa siku zile chache nyumba nzima ilionekana kuelea kidogo juu ya ardhi, na mimi, msichana aliyefeli mtihani, nilitembea humo nikifuta vioo na kuamini kwamba kuna kitu kizuri kinanijia. Bado naona kwamba sikukosea, ingawa hakikuja kwa sura niliyoitegemea.

Na chakula. Shangazi alipika katika jiko la kuni la mlowezi, jiko la chuma lenye milango mingi ambayo yeye alitumia mmoja tu. Asubuhi mtori, mzito, na mfupa ukipatikana. Jioni ndizi, au ng'ande ya mahindi na maharage, na kitawa, ndizi zilizopondwa na maziwa, siku ambazo ng'ombe wa jirani alikuwa na moyo mzuri. Kahawa hatukunywa. Hilo lilimshangaza mgeni mmoja aliyekuja kutoka mjini kutazama maendeleo. Aliona miti ya kahawa hadi mlangoni na akaletewa chai ya maziwa. Shangazi alimwambia kahawa ni ya kuuza, chai ndiyo ya kunywa, na akashangaa kwamba mtu mzima anahitaji kuelezwa.

Kamati ilikutana katika chumba cha chakula, na mwenyekiti wake alikuwa Mzee Melkiori. Alikuwa mrefu, mkavu, na vijana walimwita Meku, yaani mzee, kwa heshima. Zamani alikuwa nyapara wa shamba lile. Ndiye aliyesimamia safu za wachumaji, ndiye aliyejua kila kichaka na kila bomba, na kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu yeye kuwa mwenyekiti. Ajabu ilikuwa nyingine. Mzee Melkiori na shangazi hawakuwa wakisemeshana. Haikuwa kununa kwa wiki moja. Ilikuwa tangu kabla ya uhuru. Shangazi alileta chai ya kamati, akasimama hatua mbili kutoka kwake, akaniambia, "Resti, mwambie mwenyekiti sukari iko kwenye kopo." Naye mzee, aliyesikia kila neno, aliniambia, "Resti, mwambie mama asante." Nami niligeuka nikasema asante, nikageuka tena nikasema sukari, mpaka shingo ikauma. Mwalimu Prosper alitazama karatasi zake. Wengine walikuwa wamezoea, kama watu wanavyozoea ngazi yenye kipandio kibovu, wanakiruka tu.

Nilikuwa na tabia, na sijaiacha, ya kusikiliza nikiwa kwenye chumba kingine. Stoo ndogo kati ya jiko na chumba cha chakula ilikuwa na rafu tupu na upenyo mzuri. Humo nilisikia wakibishana kama picha ya mlowezi ining'inizwe au itupwe, kama kuta ziwe nyeupe au zibaki na rangi yake ya krimu, kama wageni wavue viatu. Na humo nikasikia Mwalimu akisema kwamba siku ya ufunguzi lazima asimame mtu aliyeishi hapa enzi zile aseme yaliyomkuta, maana majembe na mizani vya maonyesho haviwezi kusema. Akasema mtu huyo ni mama Yustina. Kisha sauti ya Mzee Melkiori ikasema kwamba kama kamati imeona hivyo, yeye hana neno.

Kijijini kila mtu alijua nusu ya habari. Shangazi aliolewa na Daudi, Mnyaturu kutoka Singida, aliyekuja kama manamba. Daudi alishikwa na homa msimu wa kuchuma akafa, na gari la shamba lilikuwepo na halikumpeleka hospitali. Kwa kuwa hakuwa na kihamba, shamba la ukoo, hakuwa na mgomba wake wa kuzikiwa, akazikwa ukingoni mwa kahawa, na shangazi hakutaka kuondoka karibu na kaburi. Nusu iliyobaki watu walijijazia wenyewe, na wengi walijazia Mzungu. Lakini kama kosa lilikuwa la Mzungu, kwa nini basi aliyesusiwa ni Melkiori? Nilimwuliza shangazi hivyo hivyo, siku tunapaka sakafu nta nyekundu, tumepiga magoti pamoja, viganja vyetu vyekundu kama vya wachinjaji.

Hakuacha kusugua. "Siku ya ufunguzi utasikia pamoja na wengine," alisema. "Neno hili nimelibeba peke yangu, nimechoka nalo. Nitalisema mara moja, hapa hapa, kisha nipumzike."

Kuanzia siku ile nilimwona akijiandaa. Hakuandika kitu, hakuzoea kuandika. Lakini nilimsikia akinong'ona akichambua maharage, akirudia sentensi, akiitupa, akichukua nyingine. Alitoa gauni lake la kanisani akalianika. Alinyoosha mgongo. Niliona kwamba hiki ndicho alichokuwa akikilinda muda wote ule katika vyumba vya nyuma, na kwamba funguo zilikuwa kisingizio. Nilimpenda sana miezi ile. Nilimpenda kwa namna ambayo msichana humpenda mtu mzima aliyemwahidi siri.

Siku moja kabla ya ufunguzi mvua ilinyesha mchana, ikaacha. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jiko akimenya ndizi za kesho, mikono imeshikwa na utomvu mweusi. Wanaume watatu wakaja kwa njia ya nyuma. Wawili walikuwa wazee wa ukoo, mmoja amebeba kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Katikati yao alikuwa Mzee Melkiori, bila kofia, ameshika jani la isale kwa mikono miwili.

Asiyetoka mlimani aelewe. Isale ni mmea wenye majani marefu. Tunaupanda mipakani na kwenye makaburi. Aliyemkosea mwenzake akimwendea na jani hilo, halikataliwi. Hata kama amekuulia ndugu yako, halikataliwi. Na ukishalipokea, lile neno limekwisha: hulitaji kilabuni, hulitaji kanisani, huwasimulii watoto wako. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa habari za watu waliokataa isale, na waliotuambia waliteremsha sauti.

"Yustina," alisema Mzee Melkiori. Sikuwahi kumsikia akilitaja jina lile. "Nimekuja na isale. Nilikukosea. Nisamehe."

Shangazi aliweka kisu chini. Alimtazama, na maji ya mvua yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye bati nyuma yake. "Miaka yote hii," alisema, "umekuja leo."

"Nimekuja leo."

Mzee mmoja akakohoa, akasema kwa upole kwamba mama anajua desturi. Shangazi akasema anajua. Akajifuta mikono kwenye khanga, polepole, kidole kwa kidole, na utomvu haukutoka kwa sababu utomvu wa ndizi hautoki. Kisha akanyoosha mikono hiyo hiyo akalipokea jani. Wakanywa mbege. Mzee Melkiori alipopewa kata, mbege ikamwagika kwenye kiatu, na hakuna aliyecheka.

Mwalimu Prosper alipopata habari alikuja mbio na shati lake jeupe limeingia matope. Akauliza, sasa kesho? Ratiba imeshapangwa, wageni wanatoka mjini, nani atasema? Shangazi akamwambia ratiba ibaki ilivyo. Mwalimu akamkumbusha kwamba hawezi kusema tena. Akajibu kwamba hilo analijua kuliko yeye. Mimi nilikasirika sana. Nilimkasirikia mzee yule mjanja aliyengoja mpaka siku ya mwisho akaja kulifunga neno lisitoke, na nilimkasirikia shangazi zaidi, kwa kunyoosha mikono. Nikamwambia kwamba ameibiwa. Nilisema hivyo, mimi mtoto, kwa mtu mzima. Akanitazama bila hasira. Akaniambia nimenye ndizi zilizobaki.

Leo, nikiwa na umri karibu na aliokuwa nao wakati ule, sina uhakika tena kama Mzee Melkiori alikuja kwa ujanja. Nimeona watu wengi wakitubu kwa sababu wamebanwa, na toba yao haikuwa ya uongo. Huenda miaka yote alipita nje ya jiko lile akitafuta siku nyepesi, na siku nyepesi haikuja, ikabaki ile nzito. Huenda pia alikuwa mwoga tu. Naamini vyote viwili, kutegemea nimelalaje.

Kesho yake kulikuwa na jua. Nyumba ilikuwa imekaa vizuri, vioo vinawaka, harufu ya nta imechanganyika na moshi wa nyama. Kwaya ya parokia ilivaa sare mpya. Kulikuwa na maturubai kwenye majani, soda kwenye mapipa ya maji baridi, wageni kwenye viti vya kuazima, na kijiji chote kimesimama nyuma yao mpaka kwenye kahawa. Watu walikuwa wameshasikia habari za isale, habari za namna hiyo hazilali. Mwalimu alipotaja jina la mama Yustina, aliinamisha kichwa kama mtu anayeomba radhi mapema.

Shangazi akainuka na gauni lake la kanisani. Hakwenda mbele. Alisimama pale pale alipokuwa ameketi, safu ya kwanza.

"Niliahidi kusema namna mume wangu Daudi alivyokufa katika shamba hili," alisema. "Jana nimeletewa isale, nimepokea. Nimesamehe. Kwangu neno limezikwa, sitalifukua. Lakini isale imenifunga mimi niliyeipokea. Aliyeileta haikumfunga mdomo. Aseme yeye. Mimi nitasimama mpaka amalize."

Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe kwenye ngazi za baraza. Sikuthubutu kuliweka chini. Mzee Melkiori alikaa kwenye kiti chake cha mwenyekiti na hakusogea, na nikadhani hatasogea kabisa, na kwamba tutakaa hivyo sote mpaka mlima ujifunike. Kisha akasimama. Alianza kwa sauti ndogo, watu wa nyuma wakasogea. Alisema Daudi alikuwa mfanyakazi mzuri. Alisema homa ilimshika msimu wa kuchuma, na yeye, nyapara, alimwona akitetemeka akamwambia amalize safu yake kwanza. Hilo lilikuwa kosa, akasema. Alisema Yustina alikuja mbio hadi mlango wa jiko kuomba gari limpeleke mumewe hospitali, na kwamba Bwana, yule mlowezi, alikuwa mezani na wageni, na Bwana akakataa, na Daudi akafa kabla jua halijazama. Watu wakaguna. Kina mama wakashika vifua. Mgeni mmoja aliandika kitu. Ndiyo habari tuliyoitegemea wote, ndiyo habari ambayo nyumba ile iliandaliwa kuisema, na Mwalimu akawa ameshainua mkono kuiashiria kwaya.

Mzee Melkiori akaketi. Shangazi hakuketi.

Alisimama tu, mikono imeshikana mbele, macho yake hayakumwangalia mtu. Hakukunja uso. Kwaya ikasubiri mkono wa Mwalimu, na mkono ukabaki hewani. Mtoto akalia nyuma, akanyamazishwa. Nilimtazama mzee, na nikamwona akimtazama shangazi, akiangalia viatu vyake, kisha gauni lake, kisha uso wake, akingoja aketi.

Mara ya pili alisimama kwa shida, ameshika mgongo wa kiti cha mbele yake.

"Bwana hakukataa," alisema. "Sikumwuliza. Nilifika mlango wa chumba cha chakula, nikawasikia wanacheka na wageni, nikaogopa kuingia. Nikakaa pale kidogo. Nikarudi jikoni nikakuambia amekataa. Mpishi aliniona, Yustina, najua alikuambia. Gari lilikuwepo. Dereva alikuwepo."

Safari hii hakuna aliyeguna. Shangazi akakusanya gauni lake, akaketi.